Gari la Habiba Lililolia Kila Alasiri

Nikipita kwenye gereji zenu siku hizi, vijana wangu, nawaona. Gari halijapoa, boneti iko juu na watu wanne wameingiza vichwa ndani. Mwenye gari amesimama kando, kimya, kama mtu aliyepeleka mgonjwa hospitali akaambiwa angoje nje. Hakuna anayemuuliza kitu. Kwa kawaida nacheka moyoni na kuendelea na safari yangu ya sokoni, lakini leo nimeamua kuwaambia mnachokosea.

Mimi ni Mama Ekai, Mturkana, mzaliwa wa Isiolo mjini. Nilifanya kazi ya umeme wa magari tangu nikiwa msichana mpaka macho yalipoanza kukataa nyaya nyembamba. Nilistaafu kwa sababu ya macho, si kwa sababu nyingine. Malori ya Moyale yalikuwa yakipita gereji zote pale barabarani yakinitafuta mimi, na madereva wenyewe bado wapo, waulizeni. Nasema hivi bila haya, maana nikingoja mtu mwingine anisifu nitangoja sana.

Aliyenifundisha ni Mzee Galgalo, Mborana mmoja mrefu, mkali, fundi wa malori. Alikuwa na testa moja tu, balbu ndogo iliyofungwa nyaya mbili, na tairi kuukuu la kukalia. Tairi hilo halikuwa lake. Lilikuwa la dereva. Gari likiingia, Mzee Galgalo hakuligusa. Alimkalisha dereva pale, akaagiza chai, akaanza maswali. Gari lililala wapi? Lilibeba nini? Nani amelipanda? Madereva wengine walikasirika sana.

"Mzee, mimi nimeleta gari, sijakuja kuhojiwa," mmoja alimwambia nikisikia.

"Gari haina mdomo," Mzee akamjibu. "Wewe unao. Kunywa chai."

Lori la huyo dereva lilikuwa linazimika taa kila likitoka Kipsing, na likienda huko taa zinawaka vizuri. Mafundi wawili walishabadilisha swichi na fyuzi zote. Mzee Galgalo aliuliza anaenda Kipsing na nini. Akaambiwa, mtupu. Na akirudi? Ng'ombe. Basi. Ng'ombe wakipakiwa, springi zinashuka, na waya mmoja huko chini ulikuwa unabanwa kwenye chuma. Aliufunga kwa mpira, akarudi kumalizia chai yake. Nilimtazama nikajiambia kwamba nitakuwa fundi wa namna hiyo, hata wanaume wa pale gereji wacheke mpaka wachoke. Walicheka, na walichoka kabla yangu.

Sasa, alamu. Hakuna kitu kinachowachanganya vijana kama alamu inayolia bila sababu. Mnaanza kubadilisha rimoti, mnabadilisha betri, mwisho mnaikata kabisa na kumwambia mwenye gari kwamba ilikuwa mbaya. Hiyo si kazi. Alamu ni mlinzi. Ikipiga kelele, kuna kitu imeona au kuna kitu imedhani imeona, na kazi yako ni kujua ni kipi.

Anza na betri, maana betri chovu huitia alamu wasiwasi. Halafu ule waya unaofungwa kwenye chuma cha bodi, ufungue, usugue kutu, uukaze. Kisha nenda kwenye kile kiswichi kidogo kilicho chini ya boneti. Huku kwetu hicho ndicho mshtakiwa wa kwanza, kwa sababu barabara zetu zinakitingisha na vumbi linakijaza, kikafika mahali pa kuiambia alamu kwamba boneti imefunguliwa na kumbe imefungwa. Kipige brashi, usikimbilie kununua kingine. Baada ya hapo, viswichi vya milango. Mwisho kabisa ndipo uguse sensa, zile za mtikisiko na zile za ndani ya gari. Toa moja, funga gari, ngoja. Irudishe, toa nyingine. Ukitoa zote kwa pamoja alamu itanyamaza ndiyo, lakini wewe utakuwa hujajua chochote.

Na kabla ya hayo yote, angalia gari linapoegeshwa. Niliwahi kuitiwa alamu iliyolia kila asubuhi nje ya duka moja la dawa. Mwenye gari alikuwa tayari ameshawatukana mafundi wa mji mzima. Nilikuta alama za kwato kwenye boneti. Mbuzi wa jirani alikuwa anapanda pale kufikia majani ya mti. Nilimwambia mwenye gari asogeze gari au amlipe mbuzi mshahara wa ulinzi, achague mwenyewe.

Lakini ninalojivunia kuliko yote ni gari la Habiba.

Habiba alikuwa mjane wa Kisomali aliyekaa Wabera, karibu kabisa na msikiti. Mumewe alimwachia watoto na Probox nyeupe. Alfajiri aliendesha barabara ya Kulamawe kukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa akina mama wa huko, akayaleta mjini yapande basi la Nairobi. Maziwa hayangoji. Jua likipanda kabla gari halijafika, akina mama wale wanayamwaga au wanarudi nayo nyumbani yakiwa yamechacha, na wote walikuwa wanamtegemea Habiba.

Kisha vijikopo vya maziwa na tairi la akiba vikaibwa kwenye gari, akaweka alamu. Shida ikaanzia hapo. Alamu ikawa inalia alasiri gari likiwa limeegeshwa uani, hakuna mtu karibu. Inalia, inanyamaza, inalia tena, mpaka betri inakwisha nguvu. Asubuhi gari haliwaki, majirani wanasukuma, na kule Kulamawe maziwa yanapata joto. Baya zaidi, ililia adhana ya Alasiri ikianza, si kila siku mwanzoni, baadaye karibu kila siku. Waumini wakasikia. Mtu mmoja akasema neno, na neno hilo likazunguka Wabera yote: lile gari lina jini, halitaki kusikia adhana.

Mafundi walioletewa gari hawakuona kitu. Wakikaa nalo gereji siku nzima, kimya. Walibadilisha betri, wakabadilisha rimoti, wakapunguza ukali wa sensa ya mtikisiko. Likirudi nyumbani, linalia.

Shemeji yake, Abdi, ndugu wa marehemu, akaamua. Sitawadanganya kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa ndiye anayetazama mambo ya ile familia, na alikuwa anaogopea watoto wa kaka yake na jina la kaka yake. Alichukua ufunguo, akawa anampa Habiba kwa safari za asubuhi tu na kumwachia rimoti, akatafuta mnunuzi kutoka Meru. Mnunuzi angekuja kesho yake. Habiba alinipigia simu, akaniambia neno moja ambalo lilinichoma: "Mama, wakichukua hii gari mimi nitarudi kukaa ndani."

Nilijua maana yake. Mimi mwenyewe niliambiwa nikae ndani, nikakataa, nikachukua testa.

Nilifika kwake kwa boda baada ya saa sita mchana. Alikuwa ametoka kushusha maziwa. Abdi alikuwa ameketi barazani, ufunguo mkononi.

"Salaam aleikum," nikasema. Mimi ni Mkristo, lakini ukiingia nyumba ya watu unawasalimu kwa salamu yao.

"Waleikum salaam, Mama fundi," Abdi akajibu kwa heshima. "Karibu. Lakini hii kazi si ya waya. Wengi wamejaribu."

"Sawa, shemeji. Nitajaribu kukaa tu."

Nikamwambia Habiba aniletee kigoda na chai, kisha aendelee na shughuli zake kama vile sipo. Boneti sikuifungua. Hata mkoba wangu wa vyombo sikuufungua. Abdi alinitazama kwa pembe ya jicho, nadhani akidhani nimekuja kunywa chai ya bure. Na chai ile ilikuwa nzuri, ya maziwa ya ngamia, tangawizi nyingi, nikaomba kikombe cha pili.

Habiba aliosha vibuyu na mitungi. Akafagia gari, akatoa mikeka, akaikung'uta. Akapangusa sakafu ya gari, maana maziwa hayakosi kumwagika, na maziwa yakilala ndani ya gari kwenye joto la Isiolo, huwezi kuingia kesho yake. Halafu akaingia jikoni, akatoka na dabqaad, kile chetezo cha udongo cha Wasomali, kimejaa makaa mekundu. Akanyunyiza unsi juu yake, ule ubani wao mtamu wa nyumbani, moshi ukapanda. Akakiweka kwenye sinia la bati ndani ya gari, akafunga vioo vyote, akafunga milango kwa rimoti ili watoto wasije wakaungua, akaenda kutawadha.

Niliweka kikombe chini.

Ndani ya gari moshi ulikuwa unajizungusha taratibu, unapanda mpaka darini, unashuka. Msikitini kipaza sauti kikakoroma, mwadhini akaanza. Hakumaliza mstari wa kwanza kabla Probox haijaanza kupiga mayowe. Watoto wakakimbia. Jirani akafunga dirisha kwa kishindo. Habiba akatoka mbio, mikono inachuruzika maji, analia machozi.

"Umeona, Mama? Umesikia mwenyewe? Adhana inasema, na yeye anajibu!"

Mimi nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia. Abdi akasimama.

"Mama fundi, unacheka jini?"

"Hapana, shemeji. Nawacheka mafundi wenzangu. Habiba, mwanangu, hiki chetezo umeanza kukiweka lini humu?"

"Zamani. Harufu ya maziwa. Lakini nilikuwa naweka mara moja kwa wiki. Tangu watu waseme kuna jini, naweka kila siku, ili atoke."

"Na alamu?"

"Nayo ikazidi." Akajifuta machozi kwa shungi. "Ndiyo tukajua kweli yumo. Hataki moshi."

"Mafundi uliwaambia?"

"Niwaambie nini? Hayo si mambo ya nyumba? Wao wanakuja kuangalia waya."

Hapo ndipo palikuwa na kila kitu, vijana wangu. Aliogopa jini akaongeza moshi, na kila alipoongeza moshi gari likazidi kulia, naye akazidi kuogopa. Alifukiza wakati ule wa Alasiri kwa sababu ndio wakati anaomaliza kuosha na kujiandaa kuswali. Gereji hakuna anayefukiza unsi, kwa hiyo gereji gari lilinyamaza. Na hakuna fundi hata mmoja aliyemuuliza, "Dada, gari likifika nyumbani unalifanyia nini?"

Nikamwomba Abdi aje aangalie. Kwenye nguzo za kioo cha mbele, kushoto na kulia, kulikuwa na vijicho viwili vidogo vyeusi, ukubwa wa kifungo cha shati. Nikamweleza: hiki kinatoa sauti ambayo sikio letu halisikii, na kile kinaisikiliza. Gari likiwa limefungwa, hewa ya ndani inatulia. Mwizi akiingia, hewa inacheza, nacho kinapiga kelele. Makaa yanafanya hewa icheze. Inapata joto, inapanda, inazunguka. Alamu inadhani kuna mtu ndani, na kwa kweli inafanya kazi iliyonunuliwa kufanya.

Abdi alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu cha akili, nami nilimheshimu kwa hilo.

"Mama, hata sisi tunasema jini hapendi unsi. Wewe unasema ni moshi, mimi nasema ni moshi. Tofauti iko wapi?"

"Tofauti nitakuonyesha. Swalini kwanza."

Walipotoka msikitini, Abdi hakurudi peke yake. Uani pakajaa wanaume, na akina mama wakachungulia juu ya ukuta. Nikamwambia Habiba asafishe dabqaad, aweke makaa mapya bila unsi hata chembe. Tukafunga gari. Halikuchukua muda, likalia.

"Hakuna unsi hapo," nikasema. "Wala adhana."

"Moto," mzee mmoja akasema kwa nyuma. "Majini na moto ni ndugu."

"Haya. Habiba, leta sufuria ya maji yanayochemka." Tukatoa makaa, tukaacha gari lipoe, tukaweka sufuria bila mfuniko juu ya sinia, tukafunga. Mvuke ukapanda kwenye vioo. Likalia tena. "Na maji je, wazee? Jini wenu hapendi hata chai?"

Watu wakacheka, Abdi naye midomo ikamcheza, lakini hakuniachia. Akataka kuona jambo lile lile la kila siku: unsi na adhana, gari likiwa kimya. Nikasema sawa, tungoje Magharibi. Nikachomoa plagi ya vile vijicho viwili tu, vingine vyote nikaviacha vinafanya kazi. Adhana ilipokaribia, Habiba akajaza unsi mpaka gari likawa jeupe ndani, huoni usukani. Akafunga kwa rimoti.

Niwaambie ukweli, niliogopa. Nilikuwa na hakika na vile vijicho, lakini gari lilikuwa limekaa kwenye vumbi, na kiswichi cha boneti sikuwa nimekigusa. Kama kingechagua dakika ile kufanya ukaidi, Habiba angepoteza gari na mimi nisingekuwa na la kusema. Habiba alinishika mkono, akaubana mpaka nikasikia uchungu. Mwadhini akaanza. Adhana ikaenda, ikafika mwisho, na Probox ikawa kimya, moshi unazunguka ndani taratibu.

Abdi akalisogelea. Akazunguka upande wa pili, akainua mguu, akalipiga teke tairi kwa nguvu zote. Gari likapiga yowe, naye akaruka nyuma hadi kandambili moja ikamtoka. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Alamu bado ni nzima, shemeji," nikamwambia. "Mwizi akija itamkamata. Unsi tu ndiyo haitaikamata tena."

Alicheka sana, mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa simu, akampigia mtu wa Meru, akamwambia asijisumbue kuja. Nikafunga swichi ndogo chini ya dashibodi ili Habiba azime vile vijicho wakati wa kufukiza na kuviwasha akimaliza. Sikumkataza unsi wake. Fundi hamkatazi mtu mambo ya nyumba yake. Anatengeneza gari liishi na mwenyewe. Abdi akamwita Habiba, akamwekea ufunguo kiganjani, akasema, "Abaayo, samahani," yaani dada kwa Kisomali, maneno mawili tu, na kwa mtu kama Abdi hayo ni mengi.

Mimi nina desturi, na ninyi iigeni: kazi ikiisha, rudi asubuhi uone gari likiwaka. Usingoje kupigiwa simu. Nilifika Wabera kumepambazuka. Mitungi ilikuwa tayari imepangwa nyuma. Habiba alikuwa nyuma ya usukani, shungi ameifunga vizuri, na Abdi alikuwa anaingia mlango wa kushoto, amevaa shati la kazi, anakwenda kumsaidia kupakia maziwa. Habiba akazungusha ufunguo na injini ikashika mara moja.

Jirani aliyekuwa anafungua duka lake akaona.

"Abdi!" akaita. "Leo unaendeshwa na mwanamke?"

Abdi alishusha kioo taratibu. "Kuna mtu hapa anajua hii gari kumshinda yeye?" akauliza, akavuta mkanda, akaufunga. Habiba akapiga honi, akaingia barabara ya Kulamawe.

Nilisimama pale mpaka vumbi likatulia. Boda waliniita njia nzima, nikawakataa wote. Nilirudi nyumbani kwa miguu, katikati ya mji, mkoba wangu wa vyombo mkononi, kwa sababu asubuhi ile nilitaka watu wanione.